Moto wa gesi kwenye pamba: magugu hayafi, au pamba ndo inakufa? Tatizo liko wapi

Kabla hujashika regyuleta na kuongeza gesi, simama kwanza. Nasema hivi kwa sababu karibu kila mtu ambaye mashine yake ya kubabua magugu inamsumbua kitu cha kwanza anachokimbilia ni presha. Magugu hayajafa anaongeza, moto unaonekana mdogo anaongeza, jirani kamwambia anaongeza, jioni mtungi mtupu, pamba imebabuka na ndago iko palepale. Matatizo mengi ya huu moto dawa yake wala sio presha, ni umri wa gugu, unene wa shina la pamba, spidi yako, na pale chini moto unapogonga.

Alafu tuelewane kwenye neno. Watu wanasema "kuchoma magugu" na hapo ndo akili inapopotea, maana ukishasema kuchoma unategemea uone moshi na majivu. Hatuchomi, tunababua. Ukitaka gugu bichi liwe jivu utamaliza mtungi kwenye mistari mitatu. Kinachotakiwa ni jani lipitiwe na joto kali kwa muda mfupi sana, hata sehemu ya kumi ya sekunde inatosha kama moto umekaa vizuri, maji ndani ya seli yanatanuka, seli inapasuka, protini zinaganda kama ute wa yai ukigusa kikaango, basi. Gugu linabaki limesimama kama halijaguswa alafu linanyauka lenyewe baadaye. Jani linaanza kufa likipata joto la digrii 50 na kitu mpaka 70, na moto wa propeni wenyewe unaweza kufika digrii 1900, kwa hiyo joto unalo la kumwaga, swali ni linafika wapi na linakaa muda gani.

Kipimo cha kidole, hiki kijue kabla ya yote

Pita na moto mita tano tu za mstari, zima, rudi nyuma. Chukua jani la gugu bila kuling'oa, libane kati ya kidole gumba na cha shahada, bonyeza kidogo alafu achia. Ukiona alama ya kidole chako imebaki pale, kijani kilichoiva kama jani lililolowana maji kwa ndani, kazi imeisha hata kama gugu linakutazama wima. Baada ya masaa machache litalegea, siku mbili tatu litakuwa kahawia.

Alama haikubaki? Joto halijatosha. Jani limekunjamana na kuwa jeusi au linafuka moshi? Umezidisha, na hiyo ni hela imeenda angani. Fanya hivyo kwenye majani kumi, sio moja, na uchukue ya pembeni ya mstari na ya katikati kabisa karibu na shina la pamba, maana mara nyingi ya pembeni yamepikika na ya katikati hayajajua kama kuna kitu kimepita.

"Nimepita jana, leo magugu yanang'aa"

Kidole kimekwambia hakuna joto. Sasa angalia kwa mpangilio huu.

Spidi kwanza. Mtu anakwambia anatembea taratibu lakini hajapima. Chukua kamba ya mita 30, weka vijiti viwili, hesabu sekunde. Ukizimaliza kwa sekunde 27 unaenda kilomita 4 kwa saa, na hapo ndo pa kuanzia majaribio, wengi wanafanyia kati ya 3 na 6 kutegemea ukubwa wa magugu na nguvu ya vichomeo, ile midomo inayotoa moto. Ukitumia sekunde 15 unaenda zaidi ya kilomita 7, sasa moto gani utababua kwa mbio hizo? Kwa anayebeba mtungi mgongoni na fimbo ya moto mkononi shida yake huwa ni nyingine, anasimama kwenye gugu kubwa analipika mpaka linalia, alafu anaruka madogo kumi yaliyokuwa yanakufa kwa kupitiwa tu.

La pili ni umande. Jani lenye maji juu yake, joto linaanza kwanza kukausha hayo maji ndo liingie kwenye jani, na muda wa moto unakuwa umeshaisha. Asubuhi saa moja shamba linapendeza na hewa imetulia, najua, lakini subiri umande ukauke. Tena mchana kwenda alasiri jani linakuwa limepungukiwa maji kwa ndani na linababuka kirahisi kuliko asubuhi. Udongo kuwa na unyevu hauna neno, tena ni afadhali kwa usalama, shida ni majani kulowana.

Upepo nao unakula joto kimyakimya. Moto unaonekana unatoka lakini ncha yake inapeperushwa pembeni, haigusi ardhi. Mchana juani moto wa gesi hauonekani vizuri hata kidogo, kwa hiyo kama unataka kujua unagonga wapi, washa jioni jua likishazama, mashine imesimama kwenye udongo mtupu, uangalie kwa macho yako. Mimi nilikuja kushangaa kwamba vichomeo viwili vya kushoto vilikuwa vinapiga hewa, sentimita 15 juu ya ardhi, na nilikuwa nimeshafanya nusu shamba!

Ukubwa wa gugu sasa. Gugu la majani mapana likiwa na majani yale mawili ya mbegu mpaka majani manne, chini ya sentimita 5, linakufa bila ubishi. Likishafika sentimita 10 na zaidi linahitaji gesi nyingi na bado linaweza kuchipua kwapani mwa majani. Na hapa mchicha pori ndo unawatia watu aibu, hasa ile aina ya Palmer inayosumbua mashamba ya pamba Marekani mpaka ikazoea dawa ya magugu ya glaifoseti, ukipata joto unaweza kuongezeka sentimita 5 kwa siku moja. Maana yake ukisema "nitapita Jumatatu" leo ukiwa Ijumaa, Jumatatu utakuta mmea mwingine kabisa. Kama umechelewa, usiongeze gesi, chukua jembe.

"Yalikauka vizuri, baada ya wiki yamerudi"

Hili swali lina majibu mawili tofauti kabisa na watu wanayachanganya. Usikisie, chimba. Chukua kisu au kijiti, chimbua magugu kama kumi yaliyorudi utazame yametokea wapi.

Ukikuta kila moja lina mzizi mdogo mweupe na ganda la mbegu, hayo ni mapya, hayakuwepo siku ile. Moto hauui mbegu zilizo ardhini, joto lake linaingia milimita chache tu kwenye udongo, na wala hauachi kitu nyuma cha kuzuia yanayofuata kama zinavyofanya dawa za kunyunyizia udongoni. Kwa hiyo moto wako ulifanya kazi, ila sasa unadaiwa mzunguko wa pili. Uzuri wake ni kwamba moto haupindui udongo, jembe linaleta mbegu za chini juu kila ukilima, moto hauzigusi, kwa hiyo kila mzunguko kundi linaloota linapungua.

Ukikuta yamechipua kutoka kwenye kisiki cha zamani, hapo angalia ni gugu gani. Nyasi zina sehemu yake ya kuchipulia chini usawa wa udongo au ndani yake, imefungwafungwa na maganda ya majani, unababua majani ya juu yanakuwa kama nywele zilizoungua na siku ya tano jani jipya la kijani linasukuma katikati. Nyasi changa za jani moja mawili utaziua nyingi, zikishaanza kuweka machipukizi ya pembeni sahau. Dozi mbili zikipishana siku kumi mpaka wiki mbili zinachosha kuliko dozi moja kubwa.

Ndago ni kesi nyingine. Chimba uone, chini kuna vile vijiazi vyeusi vimeunganishwa na nyuzi, hata ukipiga moto mpaka udongo uwe mwekundu vijiazi vinakaa sentimita kumi chini vinakusikiliza. Moto kwa ndago ni wa kuichelewesha ili pamba ipate kivuli, ukiutarajia uimalize utagombana na mashine bure. Na lile gugu linalotambaa lenye vijani vinene vya maji, wengine wanaliita tako la hasani, nalo ni sugu kuliko umbo lake linavyoonyesha kwa sababu ya unene wa majani na maji yaliyojaa mle, hilo lipige likiwa dogo sana au ling'oe, na ukiling'oa usiliache pale chini maana linashika tena.

Kuna sababu ya tatu watu hawaitaji, kivuli cha bonge. Udongo ukiwa na mabonge makubwa kama ngumi, gugu lililo nyuma ya bonge halipati moto. Ukiona yaliyopona yote yako upande mmoja wa mabonge, jua shamba ndo halikusawazishwa, mashine haina kosa.

"Pamba yangu ndo imeungua"

Hapa ndo penye maumivu na hapa nitakaa kidogo. Usikimbilie kulaumu moto wote, angalia kwanza madhara yamekaaje shambani, maana sura yake inakwambia sababu.

Kama miche imekufa shamba zima sawasawa, ulipita mapema. Pamba sio kama mahindi. Mahindi machanga ukibabua majani yanarudi kwa sababu sehemu yake ya kukulia bado iko chini ya udongo. Pamba inatoka na kila kitu juu, yale majani mawili ya mbegu na kichipukizi katikati yake, kikiungua hicho na shina bado laini hakuna cha kurudi. Kwa hiyo kuna vipindi viwili tu vya moto kwenye mstari wa pamba, kabla haijatokeza, na baada ya shina kukomaa. Katikati ya hapo mstari unapaliliwa kwa jembe na mkono, na najua ndo kipindi ambacho magugu yanakera zaidi na mtungi uko pale umejaa unakushawishi.

Kipindi cha kwanza kinataka umakini wa siku. Pamba inatokeza kwa siku 5 mpaka 10 kutegemea joto la udongo, unataka upite magugu yakiwa mengi yameshatoka na pamba bado iko chini. Watu wa bustani wana ujanja wa kipande cha kioo, na kwenye pamba unakubali: lazia kioo juu ya sehemu ndogo ya mstari siku ya kupanda, chini yake kunakuwa na joto zaidi na miche inatangulia kidogo. Ukiona chini ya kioo udongo umeanza kupasuka na shingo ya mche imejikunja inataka kutoka, hiyo ni siku yako, pita leo. Huna kioo, fukua sehemu kumi kila asubuhi. Shingo ikiwa imebakiza nusu sentimita kufika juu, pita. Miche michache ikiwa tayari imetoka uamuzi ni wako, lakini ikishafika mmoja kati ya ishirini mimi naacha.

Kipindi cha pili kinaanza shina likiwa na unene wa milimita 5 pale chini usawa wa ardhi, kama mrija wa kunywea soda, pamba inakuwa na urefu wa sentimita 20 mpaka 25 hivi. Hiki kipimo kimetoka kwa wakulima wa kusini mwa Marekani ambao miaka ya 1940 mpaka 1960 walitumia moto sana kwenye pamba kabla dawa za magugu hazijawaondoa kwenye huo mchezo, wao walisema inchi 3/16 na ndo hiyo hiyo. Pima mashina ishirini, yale membamba ndo yanakupa jibu, wastani haukusaidii kwa sababu mche mwembamba hauungui kwa wastani.

Kama vidonda viko kwa mabaka mabaka, hapa mimea mitano hapa hamna, tafuta mabonge na mashimo. Moto ukigonga bonge unarushwa juu kama maji ya bomba yakigonga jiwe, unaenda moja kwa moja kwenye majani. Au tairi limepita kwenye shimo na kichomeo kikainuka. Hapo dawa ni kuandaa tuta laini tangu kupanda, msimu huu utapunguza spidi na kuvumilia.

Kama upande mmoja tu wa mimea ndo umeungua mstari mzima, kichomeo kimoja kimelegea boliti na kupinda, au upepo ulikuwa unatoka upande ule.

Kama majani ya katikati na ya juu yameungua kila mahali wakati mashina ni manene, angalia vichomeo vimekaaje. Hili kosa nimeliona mara nyingi mpaka nimechoka: vichomeo viwili vya mstari mmoja vimefungwa uso kwa uso. Moto wa kulia unakutana na wa kushoto pale kwenye shina, hauna pa kwenda, unapanda juu kama mtu aliyewashwa chini. Inatakiwa kimoja kitangulie na kingine kibaki nyuma, ili moto wa huyu upite chini ya pamba utokee upande wa pili bila kugongana na wa mwenzake. Pembe ya kichomeo na ardhi iwe digrii 30 mpaka 45, moto ugonge ardhi kama sentimita 5 kabla ya kufika kwenye mstari alafu uteleze juu ya udongo, ukipita kwenye vifundo vya miguu ya pamba na sio kiunoni. Ukiulenga moto kwenye shina lenyewe umekosea.

Sasa majani ya chini kabisa kuungua ni kawaida, usitetemeke. Majani mawili matatu ya chini yakikauka pamba haitajua. Cha kukagua ni shina. Baada ya wiki kwangua ganda kwa ukucha pale chini, ukikuta kijani kibichi na unyevu, iko salama. Ukikuta kahawia imezunguka shina lote kama pete, huo mche unakula akiba yake, utaonekana mzima siku kumi alafu upepo wa kwanza utaulaza pale pale kwenye pete. Kahawia ya upande mmoja mara nyingi inapona na kuacha kovu.

"Moto wenyewe dhaifu, hauna nguvu kabisa"

Okei sasa tunaweza kuongelea presha.

Swali la kwanza linaudhi lakini lazima: regyuleta uliyofunga ni ya jikoni? Ya jikoni inatoa milibari 30 hivi. Vichomeo vya magugu vinataka kati ya bari 1.5 na 4 kutegemea vilivyotengenezwa, na bari 3 ni mara mia ya ile ya jikoni. Utaongeza mpaka mkono uume. Tafuta regyuleta ya presha kubwa yenye geji, na mpira wa gesi unaohimili presha hiyo, sio ule wa jikoni, maana ule ukipasuka shambani una sekunde chache za kufikiria.

Moto ulikuwa mzuri, baada ya dakika ishirini umefifia, na mtungi umeota barafu kwa nje? Gesi iko ndani kama kimiminika na ikigeuka mvuke inavuta joto kutoka kwenye chuma. Ukivuta haraka kuliko mtungi unavyoweza kupata joto kutoka hewani, inapoa, presha inashuka, moto unakufa huku gesi ikiwa nusu. Sio kwamba umeibiwa. Mtungi mdogo hauwezi kulisha vichomeo vinne, ndo hesabu ilivyo. Tumia mtungi mkubwa zaidi au unganisha miwili mitatu kwa pamoja ili kila mmoja utoe kidogo. Kuumwagia maji ya kawaida kunasaidia kwa muda. Kuupasha kwa moto, hata kwa utani, hapana. Na wale wanaoulaza au kuupindua ili "itoke vizuri", mnachotoa hapo ni kimiminika, kikifika kwenye kichomeo ambacho hakikutengenezwa kwa hiyo kazi mtaona mwali wa mita mbili na nyusi zenu hazitakuwepo.

Inayofanana na hiyo ni ile ya mwisho wa mtungi. Gesi nyingi ni mchanganyiko wa propeni na buteni, propeni inachemka kwenye digrii 42 chini ya sifuri na buteni karibu na sifuri, kwa hiyo inayotangulia kutoka kwa wingi ni propeni na mwisho unabaki na buteni nyingi yenye presha ndogo. Siku ya baridi unaona mtungi una gesi ukiutikisa lakini moto hauna roho. Hiyo iliyobaki peleka jikoni.

Alafu kuna hii inayowachanganya mafundi kabisa: umefungua valvu ya mtungi kwa haraka, moto ukawaka kidogo na kubaki mdogo, ukifungua zaidi hakuna mabadiliko. Mitungi na mipira mingi ya kazi hii ina valvu ya usalama ambayo ikihisi gesi inakimbia ghafla inadhani mpira umekatika, inajifunga. Haijaharibika na usiitoe! Funga kila kitu, subiri dakika moja mbili mpaka usikie inaachia, alafu fungua mtungi taratibu kabisa, robo robo, kabla hujafungua vichomeo.

Na kama kichomeo kimoja tu ndo kidogo wengine wazima, basi ni nozeli, kile kipande chenye kitundu cha kutolea gesi. Badilishana nozeli na jirani yake, ubovu ukihama nayo umeshapata jibu, ukibaki pale pale fuatilia mpira na koki. Kitundu kinazibwa na mafuta mazito yanayotoka na gesi au vumbi. Safisha kwa hewa ya pampu au kijiti laini cha mbao, usiingize waya, unapanua kitundu na kuanzia hapo kichomeo hicho kitakuwa kinakula zaidi ya wenzake na hutajua kwa nini mstari mmoja unaungua kila msimu.

"Rangi ya moto ni njano, au unarukaruka"

Moto mzuri ni wa bluu na sauti yake ni ya mvumo mmoja. Njano yenye masizi ni hewa haitoshi, angalia matundu ya kuingizia hewa nyuma ya kichomeo, tope na utando wa buibui ndo wakazi wa kudumu humo. Moto ukiachana na mdomo wa kichomeo na kuzimika, presha imezidi. Ukipigapiga kama bastola na kutaka kurudi ndani, presha iko chini mno au nozeli si saizi yake. Harufu ya gesi bila moto, funga, povu la sabuni kwenye kila kiungo, na kumbuka gesi hii ni nzito kuliko hewa, inashuka na kulala kwenye mitaro, usiwashe kiberiti kwenye shimo kwa sababu juu "hakuna harufu".

"Gesi inaisha haraka sana"

Usibishane kwa maneno, pima mtungi. Upime kabla, babua mita 100 za mstari mmoja, upime tena. Tuseme imetumika kilo 0.4 na mistari yako imeachana sentimita 90, hekta moja ina mita 11,100 hivi za mstari, kwa hiyo ni kilo 44 na kidogo kwa hekta. Sasa rudia kwa spidi tofauti na ule mtihani wa kidole, tafuta spidi ya juu kabisa ambayo alama bado inabaki. Wengi wakifanya hivi wanagundua walikuwa wanapika na sio kubabua. Na katikati ya mistari, pale ambapo jembe au kalitiveta, ile mashine ya kupalilia ya kukokotwa, inapita yenyewe, unapeleka moto wa nini? Moto ni wa ule ukanda wa sentimita 30 kwenye mstari ambao jembe haliufikii bila kukata pamba.

"Moto umeshika kwenye takataka"

Mabua makavu ya msimu uliopita, majani yaliyokauka, matandazo. Mashine haina kosa, shamba ndo kavu. Punguza takataka kabla, pita mara baada ya udongo kupata unyevu, uwe na maji na mtu wa pili nyuma yako anayetazama ulikotoka, kwa sababu wewe unatazama mbele na takataka zinafuka dakika kumi kabla hazijawaka. Nguo za nailoni acha nyumbani.

"Vitumba vimeanza kupasuka, bado naweza kupita?"

Hapana. Nyuzi za pamba zikiwa wazi cheche moja inatosha, tena inaingia ndani ya nyuzi inafuka taratibu bila wewe kuona. Ukiona nyeupe ya kwanza shambani, msimu wa moto umefungwa, yaliyobaki ni ya jembe.

Hapo funga valvu ya mtungi kwanza, acha vichomeo viunguze gesi iliyobaki kwenye mpira mpaka vizime vyenyewe, ndo ufunge koki. Mtungi usimamishe nje kwenye kivuli, sio ndani ya stoo ya pamba. Na midomo ya vichomeo izibe na kitambaa ukafunge kwa uzi, la sivyo buibui watakuwa wameshajenga kabla hujapanda tena.